Mashini ya kufua ikinyamaza



Juma hili tunaacha uji wa mtoto na bustani ya mboga, tunaingia kwenye mambo ya chuma. Siku hizi hapa Bukavu mashini ya kufua si kitu cha nyumba za wakubwa tu. Kuna wamama waliounganisha likelemba, wakanunua moja ya okazyo iliyotoka Bulaya, na sasa wanafua nguo za watu kwa malipo: mashuka ya nyumba za wageni, iniformu za shule, mashati ya wanafunzi wa iniversite waliopanga vyumba. Mashini hiyo ndiyo karo ya watoto. Ikinyamaza siku ya posho asubuhi, na ndani yake mna nguo za harusi ya mtu, kikundi kizima kinakosa usingizi. Anaitwa fundi wa kwanza anayepatikana. Anaifungua mgongo, anatikisa kichwa na kusema: "Mama, hii ni moteri." Kisha anataja bei ya mbuzi mzima.

Mara nyingi si moteri. Ni pini ya nywele iliyokwama kwenye pompi, au matope ya Regideso kwenye kichujio, au tiyo iliyolazwa chini.

Hatusemi mafundi ni wezi. Tunao wazuri, na tunawahitaji. Lakini fundi akikuta watu wasiojua kueleza lolote, naye anakisia, na makisio yake yanalipwa na kikundi. Mama anayeweza kumwambia, "Inachukua maji, inazunguka vizuri, lakini haitoi maji," amekwisha kupunguza bei kabla fundi hajafungua mfuko wake. Basi tujifunze kwanza mashini inafanya nini, na kwa utaratibu gani.

Ukibonyeza kuanza, mashini inafunga mlango wake kwa kufuli ya umeme. Inachukua maji kwa nyuma, yanapita kwenye droo ya sabuni na kuingia kwenye pipa. Maji yakifika kiwango chake, pipa linaanza kuzunguka polepole, huku na huku. Ikiwa umechagua maji ya moto, inayachemsha. Baadaye pompi iliyo chini inayatupa nje. Inachukua mengine ya kusuuza, inayatupa, na mwisho inazunguka mbio sana ili kukamua. Ni hayo tu. Ni kazi ileile tunayoifanya sisi kwa beseni kando ya ziwa. Kwa hiyo swali la kwanza si "Imeharibika nini?" Swali ni: "Imesimama wapi?"

Kabla ya kugusa chochote, toa waya kwenye priza. Si kuzima kwa kidude cha mashini, ni kuchomoa kabisa. Mikono mikavu, viatu miguuni, watoto mbali. Maji na umeme katika chumba kimoja vimekwisha kuua watu, na sakafu ya simenti iliyolowa haimsamehe aliye peku. Kama mashini inakupiga kidogo unapogusa chuma chake, hata kama ni kama kuwashwa tu mkononi, usiitumie tena mpaka fundi wa umeme aikague na waya wa ardhi uwekwe. Hapo hakuna "tumalizie hizi nguo kwanza." Tunajua nyumba nyingi hazina waya huo wa ardhi. Kikundi kinachopata pesa kwa mashini kiuweke kwenye hesabu ya mwanzo, pamoja na bei ya mashini yenyewe.

Haya. Kama haiwaki hata kidogo, jaribu priza kwa taa au chaja ya simu kabla ya kulaumu mashini. Angalia ralonji. Mashini inayochemsha maji inaweza kula wati 2000 au zaidi, na hiyo kwa volti 220 ni karibu ampea 10. Ralonji nyembamba ya soko, yenye televisheni, friji na simu tano juu yake, itapata moto na kuyeyuka. Mashini ipewe priza yake peke yake ukutani. Na karibu kila nguo ya hapa kwetu inaweza kufuliwa kwa maji baridi: umeme unaotumika ni kidogo sana, na zile rangi za vitenge hazitoki. Maji ya moto yaachieni nguo za mgonjwa na vitambaa vya mtoto.

Inawaka lakini haianzi? Sukuma mlango mpaka usikie "ka!" Mara nyingine ni soksi ya mtoto iliyobanwa kwenye mpira wa mlango. Na kazi ikiisha, msiuvute mlango kwa nguvu. Kufuli ile inangoja dakika moja au mbili kabla ya kujiachia. Vishikio vingi vya mlango vinavunjwika hapo, kwa haraka ya bure.

Sasa tuje kwenye maji, maana ndiyo taabu kubwa ya mji wetu wa vilima.

Mashini inalia kama nyuki lakini maji hayaingii, au yanaingia kama machozi. Funga robine, fungua tiyo pale inapoingia nyuma ya mashini. Utaona kichujio kidogo kama cha chai. Kivute polepole kwa pensi, kisugue kwa mswaki wa zamani. Maji yakikatika siku tatu kisha yakarudi, yanakuja na udongo mwekundu, na udongo huo wote unakaa hapo. Kazi hii ni ya dakika kumi na haihitaji fundi.

Kama kichujio ni safi na bado maji ni dhaifu, angalia urefu wa tanki lenu. Kila meta moja ya kimo inatoa nguvu ya bar 0,1 tu. Kibandiko kilicho nyuma ya mashini, au ndani ya mlango, mara nyingi kinasema nguvu ndogo inayohitajika: kikisema 0,05 MPa, hiyo ni bar 0,5, maana yake tanki liwe meta 5 juu ya mashini. Tanki lililowekwa juu ya meza uani haliwezi. Mashini inangoja, inangoja, halafu inakata tamaa na kuonyesha taa nyekundu. Haijaharibika. Imekosa maji.

Kuna njia ya bidoni, na vikundi vingi vinaijua nusu. Unaweza kumwaga maji kwa mkono kupitia droo ya sabuni, kwa sababu mashini nyingi hazihesabu maji yanayopita kwenye tiyo. Zinapima kimo cha maji ndani ya pipa, na kikitosha zinaanza kuzunguka. Lakini mashini nyingi zikianzishwa zinapiga pompi kwanza, sekunde chache, ili kutoa maji ya zamani. Ukimwaga kabla ya hapo, bidoni yako inaenda kwenye mfereji. Kwa hiyo bonyeza kuanza, ngoja pompi inyamaze, ndipo umwage polepole mpaka pipa lianze kugeuka. Hapo acha. Kwa mashini ya mlango wa mbele bidoni moja ya lita 20 kwa kawaida inatosha kwa hatua ya kwanza. Kwa kazi nzima pamoja na kusuuza, tayarisha bidoni tatu. Maji ya mvua ni mazuri. Maji ya ziwa yapitishwe kwanza kwenye kitambaa.

Jambo lingine linalowadanganya watu: mashini inachukua maji bila mwisho, kompteri inaenda, lakini pipa halijai. Wanasema, "Imetoboka." Angalia tiyo ya kutolea maji. Kama imelazwa chini sakafuni, au imepenyezwa kwenye tundu la chini ya ukuta, maji yanajivuta yenyewe na kutoka kadiri yanavyoingia. Tiyo hiyo lazima ipande kwanza, kati ya sentimeta 60 na 100 kutoka chini, ndipo ishuke. Ifungeni kwa kamba kwenye msumari. Na isizamishwe ndani ya maji machafu ya shimo, kwa maana yatarudi kwenye nguo za wateja.

Tunakuja kwenye ugonjwa unaopatikana kuliko yote: maji hayatoki. Nguo zinaogelea, mlango umefungwa, mwenye nguo yuko mlangoni. Kwa mashini ya mlango wa mbele, tazama chini, mara nyingi upande wa kulia. Kuna kimlango kidogo, na nyuma yake kizibo cha kuzungusha. Hicho ndicho kichujio cha pompi, na tunadhani nusu ya wenye mashini mjini hawajawahi kukifungua. Kama mlifua kwa maji ya moto, ngoja yapoe. Andaa sinia pana lililo chini-chini, matambara, na mtu wa pili wa kubadilisha sinia, kwa sababu ndani mnaweza kuwa lita kumi na zaidi. Mashini nyingine zina katiyo kadogo kando ya kizibo: anza na hako, kavute, toa kifuniko chake, maji yatiririke. Kisha fungua kizibo kuelekea kushoto, taratibu, kama unavyofungua bidoni ya gazi: robo, ngoja, robo tena.

Mtakayoyakuta humo yanatosha kutunga wimbo. Pini za nywele, vifungo, shanga, franka za Rwanda za chuma, waya wa sutiyeni, mfuko wa plastiki wa maji. Toeni vyote, osheni kizibo, kisha mulikeni ndani kwa taa ya simu. Nyuma ya kichujio kuna kipangaboi kidogo cha pompi. Kigeuzeni kwa kidole au kwa kijiti. Kwenye pompi za siku hizi kitageuka kwa kushtuka-shtuka, kama kinashikwa na kuachiwa. Ni sumaku iliyo ndani yake, si ubovu. Kama hakigeuki hata kidogo, kuna uzi au nywele zimekizunguka. Kama kinacheza-cheza na kuyumba bila kushika, pompi imekufa, na hapo mnaita fundi mkijua tayari mnahitaji nini: pompi, si moteri kubwa. Pompi ni kitu kidogo na bei yake ni ndogo kuliko ile ya moteri.

Kifungueni kichujio hicho kila mwisho wa mwezi. Kikundi kinachofua kila siku, kila juma. Na mapekuzi ya mifuko ya wateja yafanyike mbele ya mteja mwenyewe. Hiyo inalinda pompi, na inalinda pia jina la kikundi siku mtu atakaposema aliacha dola ishirini katika suruali.

Kuhusu kukamua. Maji yametoka, lakini mashini haitaki kuzunguka mbio. Inajaribu, inaacha, inajaribu. Fungueni mtazame. Blanketi moja peke yake linanyonya maji upande mmoja na mashini, kwa busara yake, inakataa isijivunje. Vitenge vikijifunga pamoja kama kamba, ni vilevile. Panueni nguo, ongezeni taulo mbili, rudieni. Sababu nyingine ni povu. Sabuni ya unga tunayoijua imetengenezwa kwa mikono, inatoa povu jingi, na povu linaipoteza mashini: linatoka kwenye droo, linachelewesha kutoa maji, linazuia kukamua. Tumieni kiasi kidogo sana, vijiko viwili vya mezani mkianza, na muongeze tu kama nguo zimetoka chafu. Najua mama zetu walisema bila povu hakuna usafi. Kwa beseni, ndiyo. Kwa mashini, hapana.

Jioni kuna shida nyingine. Watu wote wanapika na kupiga pasi, taa zinageuka rangi ya chungwa, na moteri inanguruma bila kuondoka. Umeme ni mdogo. Zimeni, mfue alfajiri. Na umeme ukikatika, chomoeni mashini, kwa sababu unaporudi unaweza kuja na kishindo kinachounguza ile karata ya elektroniki, na karata ndiyo kitu cha gharama mbaya kuliko vyote. Ngojeni dakika chache umeme utulie, ndipo muirudishe. Stabilizateri ya televisheni haiwezi kubeba mashini ya kufua; isomeni wati zake.

Sasa yale ya fundi. Hapa hatutaki mama yeyote aingize mkono, lakini tunataka kila mama ajue jina la ugonjwa.

Mashini inachukua maji na inayatoa, ila pipa halizunguki. Ikiwa imechomolewa na mlango uko wazi, zungusha pipa kwa mkono. Likienda laini mno, bila uzito wowote, huenda mkanda wake umetoka au umekatika. Likienda kwa uzito wake wa kawaida, na moteri ni ya aina ya zamani yenye sharbo, zile kaa mbili ndogo zinazosugua ndani ya moteri, inawezekana zimekwisha. Zinaisha kama penseli, ni kawaida, na zinabadilishwa zote mbili pamoja. Fundi akisema "moteri imekufa," mwambieni kwa adabu: "Baba fundi, tuonyeshe sharbo kwanza." Utaona anavyokutazama tofauti.

Lakini mkilisukuma pipa juu na chini likacheza, na wakati wa kukamua linapiga kelele kama lori linalopanda kilima, hizo ni rulema, na labda mpira wa kuzuia maji nyuma ya pipa umekwisha kuvuja siku nyingi. Kazi yake ni kubwa: mashini inafunguliwa yote. Kwa mashini yenye miaka mingi, maoni yetu ni kwamba kikundi kikae, kihesabu, na kisione aibu kuiuza kwa vipande. Pesa nyingi za wamama zimezikwa katika rulema.

Kelele ya mashini mpya kufika ni jambo jingine. Ikiwa inatembea chumba kizima kama mlevi, angalieni mgongoni kama zile buloni ndefu tatu au nne za safari bado zimefungwa. Zinashika pipa lisivunjike njiani, na lazima zitolewe kabla ya kufua. Zitunzeni kwenye soksi, mtazihitaji siku ya kuhama. Kisha wekeni chupa ya maji juu ya mashini, muone kama imelala sawa, mkaze miguu yake.

Na makubaliano na fundi: bei ya kuangalia isemwe kabla hajafungua. Bei ya kipande na bei ya kazi zitenganishwe. Kipande cha zamani kibaki kwenu, mezani, hata kama ni takataka. Wamama wawili wawepo wakati wa kazi, si mmoja. Yote yaandikwe kwenye daftari la kikundi pamoja na tarehe, ili fundi wa kesho ajue wa jana alifanya nini.

Tunao pia ndugu walio Marekani wanaotaka kusaidia. Washukuruni, lakini waombeni pesa, si mashini: nyingi za huko ni za volti 120, za kwetu ni 220.

Mwisho, wengi wenu mmetuuliza juu ya maandishi. Mashini za Bulaya zinazokuja hapa mara nyingi zimeandikwa Kijerumani au Kiholanzi, na watu wanageuza kitufe kwa kubahatisha. Kateni kipande hiki mkibandike ukutani. Kijerumani: "Baumwolle" ni pamba, "Spülen" ni kusuuza, "Abpumpen" ni kutoa maji, "Schleudern" ni kukamua. Kiholanzi: "Katoen" ni pamba, "Spoelen" ni kusuuza, "Afpompen" ni kutoa maji, "Centrifugeren" ni kukamua. Lile la kutoa maji ndilo mtakalolihitaji siku mlango utakapokataa kufunguka. Kama yenu ina maneno mengine, pigeni picha ya kitufe, mje nayo kwenye mkutano, tutayasoma pamoja.